Sababu Tatu za Kuichukua Lumari

Katika Dola Tukufu hakuna aliyeruhusiwa kuchukua kitu cha mtu bila sababu. Hapo ndipo watu wake walipojitofautisha na wezi. Mwizi huvunja mlango, akachukua, akakimbia. Dola Tukufu ilivunja mlango, ikaingia, ikaketi, ikafungua mkoba na kumsomea mwenye nyumba karatasi iliyoeleza kwa nini kuvunjiwa mlango kulikuwa kwa faida yake. Mwenye nyumba aliyeshindwa kushukuru alihesabiwa kuwa bado hajastaarabika, na hiyo ikawa sababu ya kuvunja madirisha.

Karatasi hizo ziliandikwa na Wizara ya Sababu, jengo la mawe meupe ambalo wananchi walilivulia kofia kila walipolipita. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya Idara ya Nuru, iliyoshughulikia roho za watu wa mbali. Ya pili ilikuwa ya Idara ya Maarifa, iliyoshughulikia vichwa vyao, hasa mzingo wa vichwa hivyo. Ya tatu ilikuwa ya Idara ya Heshima, iliyoshughulikia bendera na kuamini kwa dhati kwamba ardhi isiyo na bendera husikia baridi. Kulikuwa pia na chumba chini ya ardhi, kisicho na dirisha wala kibao mlangoni, walimokaa wenye viwanda watano na ramani moja. Ngazi zote za jengo zilianzia humo. Kwenye mchoro rasmi wa jengo, chumba hicho hakikuwepo.

Mkalimani wa Wizara kwa lugha ya Kilumari aliitwa Sikudhani, na kisheria hakuwa mtu.

Alikuwa ameletwa mji mkuu akiwa na umri wa miaka tisa, pamoja na mikuki, ngoma mbili na chatu aliyejazwa pamba, kwa ajili ya Maonyesho Makuu. Maonyesho yalipokwisha, vyote viliandikishwa kwenye daftari la Jumba la Makumbusho. Yeye aliwekwa namba arobaini na moja, baina ya mkeka na kinu: “Msichana, Lumari, hai.” Alipoonekana kuwa na sikio zuri la lugha, Makumbusho yaliamua kumwazimisha kwa Wizara kwa mikataba ya miaka miwili miwili. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kila Januari alikuja bwana mmoja mwenye brashi ya manyoya, akamtazama meno, akampangusa vumbi mabegani kama kanuni ilivyotaka, akaandika “hali nzuri,” akaenda zake kupangusa kinu.

Sikudhani alikuwa na haja moja tu duniani: Cheti cha Mtu. Kwa cheti hicho angeweza kukodi chumba, kuolewa akitaka, kukataa kupanguswa.

*

Mwaka huo Mfalme alipata baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya chuma kitupu, magurudumu yake ya chuma, na barabara za mji mkuu zilikuwa za mawe. Siku ya tatu makalio ya kifalme yalitoka malengelenge. Taifa zima liliingia katika huzuni. Kengele ziligongwa. Magazeti yalichapisha mchoro wa sehemu iliyoathirika, wa heshima, uliofunikwa na bendera.

Ndipo mmoja wa wale mabwana watano wa chini alipokumbuka kwamba katika bonde la Lumari kuna mtambaazi, mmea unaojizungusha mitini, ambao utomvu wake ukichemshwa huwa mpira, na mpira ukizungushwa kwenye gurudumu humfanya mwendeshaji ajione kama amekaa juu ya wingu. Kufikia Jumatano kila mtu katika Dola alitaka magurudumu ya mpira, hata wasio na baiskeli. Jioni hiyo kikaratasi kikapanda ngazi: “Lumari. Sababu itolewe kabla ya Ijumaa.”

Mkutano ulifanyika mbele ya Waziri Baltazari, mtu ambaye hakuweza kuomba chumvi mezani bila utangulizi.

“Walumari wako gizani,” alisema Padri Ambrozi wa Idara ya Nuru, machozi yakimlengalenga. “Roho zao zinaniita usiku na mchana. Silali.”

“Walumari wana vichwa vya kustaajabisha,” alisema Profesa Wendelini wa Idara ya Maarifa. Katika maisha yake alikuwa ameona kichwa kimoja tu cha Kilumari, cha Sikudhani. Alikipima kila mwaka, na kila mwaka aliandika kwamba kimepungua, ingawa kofia ya Sikudhani ilikuwa ileile. “Sayansi haiwezi kusubiri.”

“Walumari hawana bendera,” alisema Kanali Krispini wa Idara ya Heshima, akapiga meza. “Na jirani zetu wameshaanza kununua kitambaa!”

Waziri akafumba macho kwa raha. “Sababu zote tatu ni nzuri mno. Najisikia uchungu kwamba Lumari ni moja tu. Lakini Kanuni ya Tisa inasema idara moja haitatumia sababu ya idara nyingine. Basi mtakwenda wote watatu, kila mmoja na sababu yake, na mtarudi na mkataba mmoja.”

“Mheshimiwa,” alisema Sikudhani kutoka kwenye kiti chake cha pembeni, “hawatawakubali.”

Wote wakageuka. Ilikuwa kama kinu kimesema.

“Kwa Walumari mgeni huulizwa mara tatu amefuata nini,” aliendelea. “Kabla ya kuvuka kijito, baada ya kunywa uji, na asubuhi baada ya kulala. Akijibu vilevile mara zote tatu, ni mgeni. Ana haki ya kuomba na kusikilizwa. Akijibu mambo tofauti, anahesabiwa mgonjwa, mtu aliyepotezwa na miguu yake mwenyewe. Anapewa dawa chungu, anashikwa mkono, anarudishwa kwao. Na hakuna anayewekeana mkataba na mgonjwa.”

“Mimi nishikwe mkono?” aliuliza Kanali.

“Na utanyweshwa dawa, Kanali.”

Waziri Baltazari akacheka kama baba. “Ndiyo maana tuna wewe, Arobaini na Moja. Hawa watasema yao. Wewe utayanyoosha yawe mamoja. Kazi ya mkalimani ni kupiga pasi. Leta mkataba wenye alama ya Mlumari, na jina lako litafutwa kwenye daftari la Makumbusho. Utapewa Cheti cha Mtu, cha kudumu, chenye utepe.”

“Na nikirudi bila mkataba?”

“Utarudi kabatini. Kabati lako la kioo bado lipo, ndugu yangu. Tuliliwekea bundi kwa muda tu.”

*

Safari ilichukua wiki sita. Njia nzima Sikudhani alikuwa akifanya mazoezi ya uongo wake. Ulikuwa uongo mfupi na mtamu: “Wamefuata urafiki.” Ungetosha kwa mara zote tatu. Aliusema kimoyomoyo hadi ukalainika kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Kwenye kijito cha Lumari, upande wa pili, alisimama muulizaji wa bonde, mwanamke mrefu mwenye mvi, kanga imefungwa kifuani, miguu ndani ya maji. Alimtazama Sikudhani muda mrefu, kuanzia viatu vya kamba hadi kofia.

“Hiyo shingo ni ya kaka yangu,” alisema.

Sikudhani akavua kofia.

“Mimi ni shangazi yako Nandera. Umechelewa chakula, mwanangu. Miaka ishirini na miwili.” Akakunja uso. “Lakini kazi kwanza. Leta mkono.”

Hilo Sikudhani alikuwa amelisahau kabisa, kwa kuwa alichukuliwa kabla ya umri wa kukaribisha wageni. Huko Lumari muulizaji humshika anayejibu kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga, na hamwachii hadi jibu liishe. Na kwa kuwa wageni hawa hawakuwa na mdomo ila wake, mkono ulioshikwa ulikuwa wake.

“Hawa wamefuata nini?”

Padri Ambrozi akajitokeza, akapanda juu ya jiwe, akanena kwa muda wa robo saa. Alisema juu ya giza na taa, juu ya kondoo, juu ya usingizi wake uliopotea. Alilia mara mbili. Akashuka.

Sikudhani akafungua mdomo atoe urafiki. Dole gumba la shangazi yake lilikuwa limetulia juu ya mshipa, lina joto, lina sugu za jembe. Uongo ukafika kwenye meno ukagoma.

“Wamefuata utomvu wa ule mtambaazi,” alisema kwa Kilumari. “Mfalme wao anaumwa makalio.”

Shangazi Nandera hakucheka. Aliutazama mkono, akautazama uso, akazitazama kofia nyeupe za wale wageni watatu.

“Yote yale marefu ni hayo tu?”

“Ni hayo tu, Shangazi.”

“Vukeni.”

Baada ya uji, karibu na meko, aliuliza tena. Profesa Wendelini alitoa kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, akaeleza ngazi ya wanadamu, kwamba yeye yuko juu kabisa, kwamba kushuka hadi hapa kumemchosha, na kwamba Walumari wakikubali kupimwa watajulikana wako daraja gani, jambo litakalowafariji. Mkono ukiwa umeshikwa, Sikudhani akafasiri: “Wamefuata utomvu. Mfalme wao anaumwa makalio.”

Asubuhi ilikuwa zamu ya Kanali. “Tusipowachukua sisi,” alinguruma, “mtachukuliwa na jirani zetu! Wale ni washenzi, hawatawapenda! Sisi tunawapenda! Heshima ya taifa letu inadai tuwapende hadi mpaka wa mto!” Akachomeka bendera kwenye lundo la samadi, akidhani ni kilima.

“Utomvu,” alisema Sikudhani, na sasa sauti yake ilikuwa imara. “Makalio.”

Shangazi Nandera akamwachia mkono. “Wamejibu sawa mara tatu,” aliwatangazia watu waliokusanyika. “Hawa si wagonjwa. Ni wageni wakweli, ingawa wana maneno mengi. Waombe.”

*

Kanali akatandaza mkataba juu ya ngozi ya mbuzi. Ulikuwa na kurasa kumi na nane. Lakini kabla hajachovya kalamu, wanawake wawili walitokea wamebeba takia kubwa la sufi, limeshonwa kwa ngozi laini, na kibuyu cha dawa. Nyuma yao walikuja vijana na vibuyu ishirini vya utomvu.

“Wafasirie majibu yetu,” alisema Shangazi Nandera. “Takia ni la mfalme akalie. Dawa ni ya malengelenge, apakwe asubuhi na jioni, na asikwaruze. Utomvu ni wa kuanzia. Kila kiangazi watume watu, tutawapa vibuyu ishirini vingine, nao watuletee majembe. Maumivu ya mwenzako si ya kuchekwa.” Kisha, ili aeleweke vizuri, akaionyesha picha ya Mfalme iliyokuwa juu ya mkataba, akajigeuza, akajipapasa makalio kwa upole na huruma kubwa.

Watoto wote wa Lumari wakajipapasa nao, kwa heshima.

Kanali Krispini akabadilika rangi. “Umewaambia nini?”

“Sababu,” alisema Sikudhani.

“Sababu ipi? Ya nani?”

“Ile ya chini.”

Padri akakaa chini ghafla. Profesa akalifunga taya la kipimo chake kwenye kidole chake mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni zote hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijua kwamba chini kuna chumba.

“Mwambie aweke alama,” alifoka Kanali hatimaye. “Aweke alama kwenye mkataba!”

“Aliyefuata utomvu amepewa utomvu,” alisema Shangazi Nandera alipofasiriwa. “Karatasi ni ya nini tena?”

Katika kurasa zote kumi na nane hapakuwa na jibu la swali hilo.

Wakati mizigo ikifungwa, shangazi na mpwa walisimama nyuma ya ghala.

“Baki,” alisema Shangazi Nandera. “Kitanda cha baba yako kipo.”

“Nikibaki watasema mmeiba mali ya Makumbusho. Itakuwa sababu nzuri kuliko zote tatu.”

“Mali?” Shangazi akamtazama kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia matusi. “We mtoto, wamekufanya nini huko?”

“Watakuja tu, Shangazi. Hawataki vibuyu ishirini. Wanataka mtambaazi wenyewe, na udongo wake, na mikono yenu ya kuukamua. Wataleta mizinga. Mna msimu mmoja, labda miwili.”

Yule mama alitazama bonde: mahindi, moshi wa asubuhi, mitambaazi imejizungusha kwenye miti hadi juu. “Afadhali tumeambiwa,” alisema. Lakini mkono wake ulikuwa ukitafuta ukuta wa ghala.

*

Mfalme alilikalia takia, akaendesha baiskeli asubuhi nzima, akarudi akipiga mluzi. Baada ya wiki moja malengelenge yalikuwa yamepona.

Wizara ikaingia katika msiba. Katika chumba kile kisichokuwepo sauti zilipanda hadi ghorofa ya tatu: Mfalme amepona! Tutafanya nini sasa? Waziri Baltazari alikesha akitafuta, na kulipopambazuka alikuwa ameipata. Takia lile lilikuwa tusi. Taifa zima lilikuwa limepapaswa. Heshima, Nuru na Maarifa zikasahau Kanuni ya Tisa na kukumbatiana, na mizinga ikapakiwa melini ikiwa imefungwa utepe.

Miezi mitano baadaye gazeti la serikali lilitoka na kichwa cha habari: LUMARI YAKOMBOLEWA! HAKUNA ALIYEPATIKANA WA KUFURAHI.

Kanali alikuta nyumba zimeezuliwa na majivu yamepoa. Mitambaazi yote ilikuwa imekatwa shinani, imerundikwa, imechomwa. Bonde lilikuwa jeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Watu walikuwa wamepanda miamba na kuvuka kwenda nchi za ubaridi, wamebeba watoto na mbegu. Njiani kulikuwa na makaburi kumi na moja. Idara ya Maarifa iliyahesabu.

Sikudhani akashitakiwa kwa kosa la Kutoa Sababu bila Kibali. Hapo likatokea tatizo la kisheria: kitu cha makumbusho hakiwezi kushitakiwa. Wanasheria walibishana siku nne, kisha wakapata njia. Alitunukiwa utu wa muda, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa ajili ya kesi tu. Karani alimbandika cheti kifuani kwa pini. Hakikuwa na utepe.

Ukumbi ulijaa. Waziri Baltazari alizungumza saa mbili na nusu. Kisha akashuka jukwaani, akamsogelea, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akazungumza bila utangulizi.

“Tungewajengea shule,” alisema. “Wangekamua utomvu, ndiyo, lakini wangekuwa nyumbani kwao. Ni wewe uliyewafanya wachome bonde lao kwa mikono yao. Kaburi la tisa ni la mwanamke mrefu mwenye mvi. Waliokutwa nyuma, wazee wawili walioshindwa kutembea, walisema ndiye aliyewasha moto wa kwanza, na kwamba miamba ilimshinda.”

Sikudhani akashika ukingo wa kizimba. Hakulia. Aliuangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza, akafunika kifundo kwa kiganja cha kushoto.

“Unaona,” alisema Waziri, karibu kwa huruma. “Hata wewe unaona.” Akampa karatasi. “Ni ombi la radhi. Vifungu kumi na vinne. Soma kwa sauti, na cheti hicho kitakuwa cha kudumu. Utatoka hapa mtu. Chumba chako, mlango wako, funguo zako. Usiposoma, saa sita ikigonga hatuna mshitakiwa, tuna namba arobaini na moja, na bundi ameshaondolewa.”

Saa ya ukutani ilionyesha dakika saba kabla ya saa sita.

Sikudhani akaichukua karatasi. Akasoma kifungu cha kwanza kwa macho, kisha cha pili. Maneno yalikuwa mazuri. Aliyaandika mtu anayejua kazi yake. Akaikunja, akairudisha.

“Mheshimiwa, mmenikopesha saa tatu,” alisema. “Nimezitumia kukusikiliza. Zimebaki dakika hizi, nisikilize wewe. Makaburi kumi na moja ni yangu kuyalia, na nitayalia mahali popote mtakaponiweka. Shangazi yangu nitamlia zaidi. Lakini hakuchoma bonde kwa sababu aliambiwa ukweli. Alilichoma kwa sababu mlikuwa njiani.”

“Radhi,” alisema Waziri. “Neno moja tu. Vifungu tutaviacha.”

Ukumbi ukainama mbele kusikia. Bwana wa Makumbusho, pale mlangoni, akaitoa brashi yake mfukoni.

“Walumari waliuliza, nikawajibu. Wakiuliza tena nitawajibu vilevile, mara tatu, na mara ya nne nikitakiwa. Karani, andika usije ukakosea: siombi radhi.”